Mama, Unakojoa?

Lubumbashi hakuna anayekwenda kumtazama mgonjwa mikono mitupu, na siku hizi hakuna tena anayebeba machungwa. Mgonjwa mwenye heshima zake analetewa vidonge, kinini kama wanavyoviita huku. Mgeni anaingia, anasalimia, anakaa, anauliza panauma wapi, halafu mkono unazama ndani ya mkoba na kutoka na pakiti: hii ilimponya shemeji, hii ilimwinua jirani kitandani. Na wewe mgonjwa usithubutu kuiweka mezani ukasema utakunywa baadaye! Unaagiza maji, unameza palepale mgeni akikutazama koo, ndipo anaaga na roho yake imetulia. Ukiiweka mezani, umemwambia usoni kwamba humwamini.

Kwa adabu hiyo, Mama Clotilde hakuwa na mshindani mtaa mzima wa Ruashi. Alizaliwa hapahapa mjini, wazazi wake wakiwa wametoka mkoa wa Kasai, akakulia kwenye biashara, na mpaka leo anauza vitenge sokoni kwa mdomo ambao hakuna mnunuzi aliyewahi kuushinda. Watoto wake walikuwa watatu. Huguette, mkubwa, aliolewa mitaa ya jirani. Élie alipakia mizigo ya ndege kule Luano. Michelle, kitinda mimba, ndiye aliyebaki nyumbani, naye alikuwa mbioni kuolewa na Guelor, kijana wa wenyeji wa hapa Katanga, ambaye mama yake, Mama Kalaba, alitoka Mitwaba.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo magoti yanapoingia. Siku ya arusi, mama wa binti ndiye anayeingia ukumbini wa kwanza, na haingii kwa kutembea. Anaingia akicheza, kutoka mlangoni mpaka kitini, watu wote wakimtazama kiuno na uso. Nyuma yake mama wa kijana, vivyo hivyo. Akitembea tu kama anayekwenda dukani kununua chumvi, upande wa pili wanaanza kunong'onezana: huyu hamtaki mtoto wetu. Na kati ya watu wa Kasai na wenyeji wa Katanga, maneno ya namna hiyo hayahitaji kuchochewa. Yanawaka yenyewe.

Na magoti ya Mama Clotilde yalikuwa yamevimba. Asubuhi alishuka kitandani kwa kushikilia kabati, akiyatukana moja baada ya jingine.

Huguette alimletea ibuprofen. Alikaa mbele yake, akamtazama akimeza, akaondoka akiimba. Jumapili Élie naye akafika na diklofenak, aliyoletewa na rafiki aliyetoka safari, na yeye pia akakaa, akatazama, akaondoka amefurahi. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Na mama yao, kabla ya yote hayo, tayari alikuwa na dawa zake mbili za presha, zile ambazo wao wanaita za tansiyo, moja ya kulegeza mishipa na moja ya kumkojolesha. Hizo zilikuwa halali kabisa, aliandikiwa na daktari.

"Clotilde," mumewe Floribert alimwambia asubuhi moja alipoziona zimepangwa pembeni ya kikombe cha chai, "zote hizi? Hazitapigana?"

"Zitapigana wapi?" Mama Clotilde akacheka. "Ya magoti inaenda ku magoti. Ya tansiyo inaenda ku moyo. Kila kinini inajua fasi yake. Weye unafikiri zinakutana mu njia na kusalimiana?"

"Basi kunywa moja ya magoti, acha ingine."

"Nikunywe ya Élie, niache ya Huguette? Na Huguette ni mutoto wa nani? Wa jirani?"

Floribert akanyamaza. Ndoa yao ilikuwa imedumu kwa sababu alijua saa ya kunyamaza. Alivuta kofia yake mbele kidogo, ile kofia ya kitambaa aliyotoka nayo kiwandani alipostaafu. Maisha yake yote alifanya kazi ya kuosha mawe ya shaba. Kofia hiyo haikuwa ikimtoka kichwani hata mezani.

Na ubaya wa vidonge hivi, nakwambia, ni kwamba vinafanya kazi kweli. Vingekuwa vya uongo, Mama Clotilde angevitupa. Lakini siku chache tu na magoti yakatulia, uvimbe ukashuka, na jioni moja akamkuta Michelle sebuleni akisikiliza muziki, akaweka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, chini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akacheza kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Alicheza vizuri! Michelle alishika mashavu yake mwenyewe kwa furaha.

"Mama Kalaba akiniona," alisema akihema, "ataanguka hapo hapo."

Mambo mengine yaliyofuata hakuyajali. Tumbo liliwaka moto baada ya kula. Akasema ni pilipili. Akaanza kutapika, akasema ni samaki. Pete ikagoma kutoka kidoleni, viatu vikambana; akasema ni joto. Na kuna jambo moja ambalo, Mungu amsamehe, alilipokea kama zawadi. Ile dawa ya kumkojolesha ilikuwa imemsumbua muda mrefu, maana sokoni choo kiko mbali na mtu akikuachia meza unarudi unakuta kitenge kimekwenda. Sasa alikaa mezani kuanzia asubuhi mpaka kufunga, na haja haikumjia. "Mungu ameniona," aliwaambia wenzake. Akauza vizuri sana wiki hiyo.

Kisha ikafika asubuhi alipoinuka, chumba kikazunguka, akakaa chini sakafuni na kushindwa kusimama. Floribert aliita kwa sauti ambayo Michelle hakuwahi kuisikia kwa baba yake.

Hospitali waliyompeleka ilikuwa na watu mpaka uani. Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, anaitwa Kangwa. Élie alikuwa amekimbia kutoka Luano na nguo za kazi. Huguette alikuwa amefika na chupa moja ya maji na kanga begani, analia kabla hajaambiwa lolote. Daktari Kangwa hakuuliza panauma wapi. Aliinama karibu na uso wa mgonjwa, akauliza kwa upole:

"Mama, unakojoa?"

Nyie! Mwanamke wa umri ule, mke wa mtu, mbele ya mwanawe wa kiume! Mama Clotilde, pamoja na ugonjwa wake, alipata nguvu ya kukasirika.

"Kamuulize mume wako," alisema.

"Mume wangu anakojoa muzuri," daktari akajibu bila kupepesa. "Minauliza weye, mama. Jana ulikojoa?"

Mama Clotilde alifungua kinywa ajibu. Alitafuta. Jana? Juzi? Alikumbuka kidogo, kitu cha rangi ya chai, na hata hicho hakujua ni lini.

Daktari akaweka kidole gumba juu ya mguu wake, karibu na kifundo, akabonyeza, akaondoa. Pale kidole kilipotoka pakabaki shimo. Mama Clotilde alilitazama shimo lile kwenye mwili wake mwenyewe, akingoja lijae, na shimo likakaa tu, linamtazama na yeye.

"Dawa zote anazokunywa," daktari akasema, "mulete hapa ku kitanda. Zote. Hata ya jirani."

Michelle ndiye aliyekuwa amebeba mkoba wa mama yake. Akaumimina kitandani. Huguette aliona pakiti ya Élie, Élie akaona pakiti ya Huguette, na wote wawili wakainua macho yao kwa wakati mmoja. Hawakugombana, kwa mara ya kwanza tangu utoto wao.

Wakamsukuma kwenye chumba cha mashine ya ekografi, chumba kidogo chenye pazia. Floribert aliruhusiwa kuingia, akasimama pembeni na kofia yake kichwani. Daktari akapaka kitu cha baridi ubavuni, akasukuma kifaa juu ya ngozi, na kwenye kioo kikatokea kivuli cha kijivu kinachotembeatembea, halafu ndani ya kivuli kile kikatokea kitu chenye umbo la haragwe.

"Ile ni nini?" Mama Clotilde aliuliza.

"Njo figo yako."

"Yangu? Iko mu mwili yangu sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama."

Daktari akabonyeza mahali, na ndani ya lile haragwe zikawaka rangi, nyekundu na bluu, zikipiga, zikizima, zikipiga tena, kwa mwendo uleule wa moyo aliousikia masikioni mwake. Mama Clotilde akasahau kutapika. Akasahau kwamba alimkasirikia binti huyu. Alikuwa amezaa watoto watatu na kuzika wazazi wawili, na hakuwahi kuona kitu kilichomnyamazisha namna hiyo. Alikuwa anatazama ndani ya nyumba yake mwenyewe kupitia dirisha, na kumbe ndani kuna mtu anafanya kazi.

"Ile rangi ni damu," daktari akasema. "Damu yako yote inapita hapa. Yote, mama. Inapita, inaoshwa, inarudi, inapita tena. Ukilala inapita. Ukiuza bikwembe yako ku soko inapita. Hakuna tone inakosa kupita."

"Yote?"

"Yote. Na kila kinini unameza inaingia mu ile damu."

Mama Clotilde akahesabu vidonge vyake kwa vidole. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ya magoti pia? Na ya tansiyo?"

"Zote."

"Basi njo hapa zinakutana," alisema. "Maweja!" Na hilo ndilo jina la Mungu katika lugha ya wazazi wake, hakulitaja ovyo.

Hapo Floribert akavua kofia. Aliivua taratibu, akaishika kifuani kwa mikono miwili, upara wake ukang'aa kwenye mwanga wa kioo. Mama Clotilde aliyaona hayo kwa pembe ya jicho na moyo ukampasuka zaidi kuliko kwa maneno yote ya daktari, maana kofia ile hata askofu hakuwahi kuvuliwa.

"Dokta," Floribert akasema, "ile ni kama kuosha mawe? Maji inaingia na nguvu, inapita mu chujio, uchafu unatoka?"

"Vile vile, papa."

"Sisi maji ikipungua nguvu, chujio inajaa, kazi inasimama."

"Njo vile imefanyika," daktari akasema, na akageuka amtazame mgonjwa, si mumewe. "Mama, sikia. Figo iko na mukono wake wa kufungua maji pa kuingilia. Hizi dawa za maumivu za watoto wako, zinatuliza uvimbe ya magoti, ni kweli, lakini zinafunga ule mukono. Dawa ya kwanza ya tansiyo inalegeza pa kutokea. Ile ya kukojolesha inapunguza maji mu tanki. Moja moja, mara mingi figo inavumilia. Zote pamoja, na unatapika, na haukunywi maji, nguvu inaisha. Figo inasimama. Na zile mbili za magoti ni ndugu wa tumbo moja. Ulikunywa dawa moja mara mbili, njo maana tumbo nayo inawaka."

"Nilikunywa juu ni ya batoto," Mama Clotilde akasema.

"Minajua, mama. Hapa batu bengi banafika juu ya mapendo."

"Itaamka?"

Daktari hakumdanganya, na kwa hilo Mama Clotilde anamheshimu mpaka leo. Akasema mara nyingi zinaamka, zikiwahiwa. Akasema nyingine haziamki, na hapo ni kuunganishwa na mashine ya kuosha damu, na mashine hiyo watu wanaingoja. Zile za maumivu zisimguse tena. Zile za presha wangezisimamisha kwanza, halafu waone. Damu yake ingepimwa na kupimwa tena. Kilichobaki ni kungoja.

Wakangoja. Kungoja gani huko! Mtu anangoja mtoto, anangoja mvua, anangoja mshahara. Nani amewahi kuketi na ukoo mzima kungoja mkojo? Maji yalidondoka kwenye mrija, tone baada ya tone, nesi akiyapima. Huguette alisali mpaka sauti ikakauka. Élie alikaa sakafuni, kichwa ukutani, na kila mama yake alipojigeuza alisimama wima.

Mama Clotilde mwenyewe alikuwa anafikiri, na mawazo yake yalimshangaza. Ngozi yake ameipaka mafuta tangu ujana. Nywele amezisuka, meno ameyapiga mswaki, tumbo amelipikia kila siku ya Mungu. Magoti ameyabembeleza, ameyatukana, ameyanunulia kila kitu. Na hizi mbili zilizoko nyuma, ndani, gizani, zimemuosha tangu tumboni mwa mama yake, katika kila mimba, kila homa, kila Krismasi aliyokula kupita kiasi, na hakuwahi hata kuziuliza jina. Alijiona mjinga, na katika ujinga huo akajisikia mtu aliyependwa muda mrefu bila kujua. Alilia kidogo. Aliweka mkono ubavuni na kuuacha hapo.

Jua likiwa kali dirishani, siku ya pili yake, alishtuka.

"Leteni bakuli," alisema. "Mbio!"

Mkojo ulikuwa kidogo tu, na wa rangi mbaya, lakini ulikuwa umetoka. Floribert alilibeba bakuli mwenyewe kwenda kumwonyesha daktari. Alikataa nesi aliguse. Alilibeba kwa mikono miwili kupita korido nzima, kofia kwapani, kichwa wazi, anatembea polepole asimwage, na watu waliokaa kwenye mabenchi wakavuta miguu yao kumpisha bila kujua kwa nini. Huguette akapiga vigelegele. Nesi akamkemea, halafu nesi naye akacheka. Kesho yake ulikuja mwingi zaidi, na keshokutwa zaidi tena, mpaka Mama Clotilde akaanza kulalamika kwamba hawamwachi alale, na hapo daktari akajua amepona.

Lakini alipona figo tu. Magoti hayakuwa yamehusishwa katika makubaliano hayo. Nyumbani yalirudi na hasira ya mtu aliyefukuzwa, na alichoruhusiwa ni parasetamoli kwa kipimo, kitambaa cha moto, na fimbo ambayo Élie alimchongea. Dawa ya presha alibadilishiwa na daktari, na zile za maumivu aliapishwa asiziguse tena. Arusi ikawa inakaribia. Kwa wakwe walisema alikuwa na malaria tu. Hakuna anayetaka wakwe wajue kwamba mama wa binti ni mgonjwa, maneno yatakwenda mbali.

"Mama, uketi tu," Michelle alimwambia wakijaribu gauni. "Batu bataelewa."

"Batu habaelewaka," Mama Clotilde akajibu. "Batu banaangaliaka."

Usiku hakulala kwa hilo. Alijua kidonge kimoja cha diklofenak kingempa saa chache za kucheza. Kimoja tu. Na kila alipofikiri hivyo, mkono ulikwenda ubavuni wenyewe.

Arusi ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa, nje magari yalipiga honi, na akina mama wa pande zote mbili walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, cha buluu na maua ya njano. Mlangoni alisimama Mama Kalaba. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzuri, mwenye shingo ya heshima, na Mama Clotilde alikuwa hajawahi kukaa naye bila kujisikia anapimwa. Mama Kalaba akaiona fimbo. Akamtazama mkwewe kuanzia usoni mpaka miguuni. Kisha akafungua mkoba, pale mlangoni, mbele ya ndugu na jamaa na mpiga picha, akatoa kidonge cha diklofenak na chupa ndogo ya maji.

"Kunywa, mukwe wangu," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Iyi iko nguvu. Utacheza mupaka kesho."

Mpiga picha akainua kamera. Wewe fikiri: mkwe, mlangoni, siku ya arusi, ameshika dawa mkononi. Kuikataa ni nini? Nyuma yake Mama Clotilde alisikia Huguette akivuta pumzi na kuizuia. Alimwona Michelle kwenye gauni lake, macho yamemtoka. Maisha yake yote hakuwahi kukataa kidonge kilichotolewa kwa mkono wa mtu. Aliushika mkono wa Mama Kalaba, akaukunja vidole kimoja kimoja juu ya kile kidonge mpaka ukawa ngumi.

"Iyi njo ilitaka kuniua," alisema. "Haikukuwa malaria, mama. Tulikudanganya. Figo yangu ilisimama juu ya hizi. Sitaki dawa yako. Nipe mukono yako tu, nishikie, tuingie bote."

Mama Kalaba akarudisha kidonge mkobani. Uso ulimbadilika, lakini Mama Clotilde hakuweza kuusoma. Kisha ule mkono mnene ukapita chini ya kwapa lake na kumwinua, na mama wawili wakaingia pamoja, jambo ambalo halijawahi kufanyika, polepole, bila kucheza, wakiegemeana, na muziki ukawangoja. Wengine walipiga makofi. Wengine, bila shaka, walinong'ona.

Waliketi kwenye viti vyao vya mbele. Mama Clotilde alikuwa bado anahema alipoinamisha macho, akaona viatu vya mkwewe. Mikanda yake ilikuwa imezama ndani ya nyama.

Alitazama tena. Akamtazama usoni: macho yamevimba chini, ngozi ya kijivu chini ya poda.

"Mama Kalaba," alisema taratibu. "Ile kinini, weye unaikunywaka?"

"Kila siku, tangu tulipopanga arusi. Niko na mugongo." Akasita. "Nilisema nisipocheza, nyinyi batu ya Kasai mutasema simutaki binti yenu."

Mama Clotilde akamtazama bila kupumua. Kumbe. Kumbe na wewe!

"Na ya tansiyo?"

"Nayo. Ya zamani."

"Ile ya kukojolesha?"

"Ee."

Mama Clotilde alijikunja kwa maumivu ya magoti yake, akanyoosha mkono chini ya meza, akabonyeza kidole gumba kwenye mguu wa mkwewe, akaondoa. Shimo likabaki. Akainuka, akamkaribia sikioni, na akamuuliza swali ambalo lilikuwa limemtia hasira kuliko yote maishani mwake.

"Mama, unakojoa?"

Mama Kalaba akageuka na jicho la mtu aliyetukanwa. Halafu jicho lile likatafuta, kama lake lilivyotafuta siku ile. Jana? Juzi?

"Kidogo," alisema. Na baadaye, kwa sauti nyingine kabisa: "Kidogo sana."

Mama Clotilde akaigonga fimbo sakafuni. "Floribert! Gari!"

Hivyo ndivyo mama wawili walivyotoka katikati ya arusi ya watoto wao, mmoja amemshika mwingine, mtangazaji akiwa na kipaza sauti mdomoni na hajui aseme nini. Guelor aliwakimbilia mpaka garini. Mama yake akamwambia rudi ndani, ukacheze na mke wako. Nyuma yao, mnajua watu walisema nini. Walisema wamegombana.

Daktari Kangwa alikuwa zamu. Aliwaona wakiingia na kitenge kimoja, buluu na maua ya njano, na hakuuliza maswali mengi. Damu ilichukuliwa. Pazia likavutwa. Mama Clotilde akasimama kando ya kitanda, na kwenye kioo lile haragwe lilipotokea na rangi zikawaka, akamwonyesha mkwewe kwa kidole, kwa fahari, kama anamtambulisha kwa ndugu.

"Ile njo yako."

Mama Kalaba alitazama. Shingo yake ya heshima ikalegea, mdomo ukabaki wazi, na akawa mtu tu, mwenye kitu chema ndani yake kinachohangaika.

"Inafanya kazi bado?" aliuliza.

"Inachoka," daktari akasema. "Lakini mumekuya mapema. Minataka kuona mukojo."

Akampa kikopo. Mama Kalaba aliingia chooni mwisho wa korido, na Mama Clotilde akabaki nje, mikoba yote miwili mkononi, sikio mlangoni. Simu yake ikaita, ni Michelle. Aliipokea akasikia muziki wa ukumbini na binti yake akiuliza kwa sauti ya kilio mko wapi, watu wanasema nini huku.

"Ngoja," alimwambia. "Usikate."

Ndani palikuwa kimya. Kimya kirefu. Mama Clotilde alikiombea kimya kile kwa lugha zote alizozijua. Kisha akasikia, kidogo kwanza, halafu vizuri, na sauti ya Mama Kalaba ikipita chini ya mlango:

"Mukwe wangu! Inakuya!"

Simu ilikuwa bado inapiga muziki wa ukumbini. Mama Clotilde aliegemeza fimbo ukutani, akaweka mikoba chini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni. Magoti yalimuuma kila hatua, na alicheza, kutoka mlango ule wa choo mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Floribert alisimama na kuvua kofia.